Obstacle, Obstruction na Gari la Mzee Hamza

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ulinzi mjini Doha nilimwandika mtu kosa ambalo hakulifanya, na nililiandika kwa Kiingereza kizuri sana. Nalitaja hapa mwanzoni kwa sababu najijua. Nikiliacha liwe la mwisho nitalizunguka, nitalipamba, na mtafika chini ya ukurasa mkidhani nilikuwa shujaa.

Nawaandikia ninyi mnaokuja kwangu hapa Voi kabla ya kusafiri, mmebeba madaftari, mnataka niwafundishe Kiingereza cha ripoti. Mnaniita mstaafu kisha mnacheka, maana nina miaka thelathini na tisa. Basi chekeni. Nimesimama malangoni kwa miaka kumi na mmoja; magoti yangu yalistaafu kwanza, nami nikayafuata. Wiki iliyopita mmoja wenu aliniuliza tofauti ya "obstacle" na "obstruction". Nikamjibu kwa dakika moja, akaandika, akashukuru, akaenda zake. Tangu siku hiyo sijatulia. Jibu lile lilikuwa sahihi na halikutosha. Hili la sasa nimeliandika upya mara nne. Mnisamehe, ndivyo nilivyoumbwa.

Kiingereza changu nilijifundisha mwenyewe. Baada ya darasa la nane sikuendelea, ila nilikuwa na kamusi ya mitumba iliyokosa kurasa za mwanzo, kwa hiyo hadi leo maneno ya herufi A nayajua kwa kubahatisha. Yale mengine niliyakariri. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na kalamu nyekundu na sheria moja: ukirudia neno kwenye insha, analizungushia duara na kukukata alama. Nilikuwa mtoto wa kuogopa maduara. Niliapa kwamba kwenye maandishi yangu hakuna neno litakalotokea mara mbili kama kuna ndugu yake kwenye kamusi.

Kiapo hicho nilipanda nacho ndege.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa mnara mmoja wa ofisi kule West Bay. Kazi ya mlinzi pale, kinyume na mnavyodhani, si kupigana. Ni kuandika. Kila zamu ina kitabu cha matukio, na kila kinachotokea kinaingia humo: aliyeingia, aliyetoka, taa iliyoungua, lifti iliyokwama. Anayeandika hayupo wakati wa kusomwa. Hilo mlishike vizuri. Ukisema neno baya kwa mdomo, uso wako upo pale kulirekebisha. Kwenye kitabu neno linabaki peke yake, na wanaolisoma ni Mhindi, Mfilipino, Mmisri na Mganda, kila mmoja na Kiingereza cha kwao.

Msimamizi wa zamu yetu alikuwa Mganda, mwanamke mfupi mwenye sauti nene aliyeitwa Nakato. Kabla ya Doha alikuwa amelinda benki Kampala miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, hakina adabu ya ngeli, lakini kilifika kilikotumwa. Wiki yangu ya pili alinipa jina la Profesa, na halikuwa sifa.

Lilitokana na makatoni. Mtu fulani alikuwa ameyapanga makatoni ya karatasi mbele ya mlango wa dharura, kwenye ngazi za chini. Ni hatari; moto ukiwaka, mlango ule ndio roho za watu. Jumapili niliandika kitabuni kwamba kuna "obstacle" mlangoni. Hakuna aliyekuja. Jumatatu makatoni bado yapo, na mimi siwezi kurudia neno, nikaandika kuna "barrier". Akaja fundi kutoka Kerala na sanduku la vyuma vyake, kwa sababu pale kazini "barrier" ni kitu kimoja tu, ule mti wa geti unaopanda na kushuka. Akaupandisha mara sita, akaushusha mara sita, akanitazama kwa huruma, akaondoka. Jumanne niliandika "blockage". Akaja Mnepali wa idara ya usafi na mpira wa kuzibulia choo, akausimamisha begani kama bunduki, akaniuliza kwa ishara choo kiko wapi. Jumatano nilikuwa nimeshapata moto. Nikaandika "impediment".

Redio yangu ya mkononi ikakoroma.

"Profesa, nani anaolewa kwenye ngazi?"

"Hakuna anayeolewa, madam."

"Sasa impediment ya nini? Kwetu hiyo neno padri anasema siku ya harusi. Kama kuna mtu anajua impediment, aseme sasa ama anyamaze. Wewe unajua nini? Bwana harusi iko na bibi mwingine?"

"Ni makatoni, madam."

"Makatoni!" Nilisikia watu wakicheka nyuma yake chumbani. "Banange! Siku nne! Kwa nini hukuandika makatoni?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba "makatoni" lilionekana neno dogo mno kwa mtu aliyesoma kamusi nzima kasoro A. Alhamisi Nakato aliandika mwenyewe, kwa mkono wake mbaya: makatoni kumi na mawili, mbele ya mlango wa ngazi B, mlango haufunguki. Kufikia saa sita mchana yalikuwa yameondolewa.

Sasa nafika kwenye swali la mwenzenu. "Obstacle" ni kitu kilicho njiani. Kinaweza kuwa jiwe, ngazi, mbuzi. Unaweza kukizunguka au kukiruka, na si lazima awepo wa kulaumiwa. Nikitafuta neno la kwetu naona ni kikwazo, kitu unachojikwaa nacho. "Barrier" ni tofauti kwa sababu kuna aliyeiweka makusudi ili usipite, na mara nyingi ana haki ya kuiweka. Kizuizi cha polisi barabarani ni hicho. "Hindrance" haikuzuii kabisa, inakupunguzia mwendo tu. Neno hilo nilimwandika nalo mzee wa chai wa ghorofa ya saba, Msrilanka, aliyependa kuegemea meza yetu na kusimulia habari za wajukuu. Alilisoma. Hakunisalimia miezi miwili, na kwa miezi miwili nilikunywa chai ya maji moto. "Blockage" waachieni mafundi bomba, na "impediment" waachieni mapadri.

"Obstruction" ndiyo yenye meno. Nayo ni kitu kinachoziba njia, lakini ukiigeuza kitendo na kuipa mtu, ukasema fulani "obstructed" kitu fulani, msomaji haoni tena kitu njiani. Anaona mtu amesimama na mikono yake. Ukisema amemfanyia hivyo askari au gari la wagonjwa, msomaji anaanza kutafuta sheria.

Hayo yote leo nayasema kwa upole. Wakati ule niliyajua nusu, yaani niliyajua maneno na sikuwajua wasomaji.

Mzee Hamza alikuwa dereva wa nyumbani, mtu wa Pangani, Tanga. Alikuwa na zaidi ya miaka ishirini na familia moja ya mtaa wa Muaither, na watoto aliowapeleka shule ya chekechea walikuwa sasa na ndevu. Kila Jumanne alimleta bibi wa nyumba ile kwenye kliniki ya magoti iliyokuwa kwenye mnara wetu. Alimshusha mlango wa ubavuni, kisha akaja kwenye geti langu kuegesha chini. Aliendesha gari kuukuu la nyumba, lile ambalo vijana wa familia hawakulitaka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bado tu unaandika? Unaandika wasia?"

Hiyo ilikuwa salamu yetu, na nilikuwa naipenda kwa sababu alikuwa mtu pekee katika siku nzima aliyenitania bila kuniumiza.

Jumanne moja ya kiangazi, kabla ya saa sita, nilikuwa kwenye kibanda changu nikikinakili upya ukurasa wa kitabu cha magari. Namba nane moja ilikuwa imefanana na tatu. Mlinzi mwingine angepiga mstari, akaandika tena, akasaini. Mimi sikuwa na ukurasa hata mmoja wenye mstari. Chumba cha kamera kilikuwa kinatafuta mtu, chumba chenye baridi na kiti, na orodha ilikuwa inaandaliwa. Niliamini kurasa zangu safi ndizo zingenipandisha. Mzee Hamza alipofika getini nilikuwa nimebakiza mistari mitano. Sikuinua hata macho. Nilimnyooshea kiganja kwenye kioo: subiri.

Akasubiri. Dakika moja, mbili, tatu. Joto la nje mnalisikia kwenye hadithi tu, mtaliona wenyewe. Mshale wa injini ukaanza kupanda, na yeye, kama dereva yeyote anayeipenda injini, akazima gari ili isichemke.

Nilipomaliza mstari wa mwisho nikabonyeza, mti wa geti ukapanda. Gari likakataa kuwaka.

Na nyuma yake ikaingia ambulensi.

Ilikuja kwangu kwa sababu njia ya mbele ya mnara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba. Mtu wa ofisi moja ya ghorofa ya nne alikuwa amezimia. Ambulensi ikapiga honi. Mzee akazungusha ufunguo, gari likakohoa, kimya. Nikatoka mbio kibandani, jambo ambalo mlinzi wa geti haruhusiwi, nikaweka mabega nyuma ya gari. Mwanamume mmoja akashuka kwenye ambulensi akanisaidia. Mzee alibaki kwenye usukani kwa sababu gari likizimika breki zinakuwa ngumu na mbele kulikuwa na mteremko. Tukalisukuma hadi likaanza kujishukia lenyewe, akaliegesha pembeni kwa ustadi ambao hata kwa hofu niliuona. Ambulensi ikapita. Dakika nne.

Mgonjwa, tuliambiwa baadaye, alikuwa amefunga kula asubuhi ile kwa ajili ya kupimwa damu. Walipomfikia alikuwa ameketi anakunywa juisi ya embe, ameaibika.

Lakini dakika nne ni dakika nne, na uongozi wa jengo ulitaka ripoti. Niliiandika kwa saa mbili. Sentensi ya pili nilitumia "stopped". Ya tatu nilisema gari lilikuwa "obstacle". Ya nne nilitaka kusema tena kwamba gari lilisimama mbele ya ambulensi, lakini maneno yote mawili yalikuwa yametumika, na nikaiona ile kalamu nyekundu. Nikaandika: "The driver obstructed the ambulance for four minutes." Nikaisoma kwa sauti. Ilikuwa na mapigo mazuri.

Kiganja changu hakimo. Ukurasa niliokuwa nanakili haumo. Mabega yangu nyuma ya gari hayamo. Nilijiambia sijasema uongo hata neno moja, na nikasaini jina langu lote.

Meneja wa jengo, tuliyemwita mudiri kama kila mkubwa anavyoitwa kule, alimwambia Nakato kwamba kijana huyu anaandika vizuri. Nakala akaituma kwa mwenye gari.

Ijumaa ya wiki iliyofuata nilikuwa Abu Hamour, mtaa wenye makanisa. Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Wakristo tunasali siku hiyo kwa sababu ndiyo siku tusiyo kazini. Baada ya ibada nilipita sokoni kununua nyanya, nikamwona Mzee Hamza amesimama kivulini na kofia yake ya swala na mfuko wa samaki.

"Shikamoo, mzee. Gari umeegesha wapi?"

"Marahaba. Nimekuja na basi, mwanangu." Akacheka kidogo. "Miaka ishirini nyuma ya usukani, leo nauliza watu kituo kiko wapi. Mhindi mmoja kanionyesha, kaniita mgeni."

"Gari bovu bado?"

"Gari zima. Mimi ndiye niliyeharibika." Akatoa karatasi ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa mara nne. "Kijana mkubwa wa nyumba kaniambia nimeizuia ambulensi. Baba yao, kafili wangu mwenye viza yangu, hataki dereva mwenye kesi. Anasema ikifika polisi itaandikwa jina lake. Nimeambiwa nisiguse gari. Siku hizi nafagia uwanja. Wiki ijayo wananikatia tiketi."

Nilihamishia mfuko wa nyanya mkono wa pili.

"Kurudi nitarudi," akasema. "Kila mtu atarudi. Ila nilitaka nirudi kwa mguu wangu. Sasa nikifika Pangani nitasema nini? Kwamba nilimzuia mgonjwa? Mimi?" Akaninyooshea ile karatasi. "Wewe Kiingereza unakijua. Nisomee."

Ulikuwa mwandiko wangu. Niliushika na nyanya zikaanguka, nikainama kuziokota kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha nikasoma. Nilipofika sentensi ya nne nikasema, "Hapa wanasema gari lilikwama mbele ya ambulensi."

"Si ndiyo kweli hiyo? Ndiyo inayonirudisha Tanga? Hebu soma tena, polepole."

Nikasoma tena. "Dereva... alizuia. Aliizuia ambulensi kwa dakika nne."

"Nani alizuia?"

"Dereva."

"Dereva ni mimi." Akaikunja karatasi, mara moja, mara mbili. "Na kile kiganja kilichonyooshwa kwenye kioo, kimeandikwa mstari wa ngapi?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Jina la chini nilishalisoma, mwanangu," akasema. Hakupandisha sauti. "Mwakio nalijua. Kiingereza ndicho kilichonishinda. Nilitaka nikisikie kwa mdomo wako."

Akachukua mfuko wake wa samaki akaenda kituoni. Aliulizia kituo kwa muuza tikiti, nikamsikia.

Mnajua kinachoniuma hadi leo? Sikumchukia hata kidogo mtu yule. Ningekuwa nimemwandika kwa chuki ningekuwa na sababu. Nilimwandika kwa kuogopa duara jekundu la mwalimu aliyekuwa mbali maili elfu, na kwa kutaka kiti.

Jumamosi nilimfuata Nakato chumba cha kamera. Alikuwa anakula chapati huku macho yakiwa kwenye skrini.

"Madam, nataka kuandika upya ripoti ya ambulensi."

"Haiandikwi upya. Ilienda."

"Basi nataka kuifuta."

"Profesa, sisi hatufuti. Ni miezi mingapi nakuambia? Kosa unapiga mstari moja katikati, ili mtu aone nini ilikuwa chini. Halafu unaandika ile ya kweli, unasaini. Mtu mwenye anafuta yote, huyo anaficha." Akaweka chapati chini. "Nini ilikuwa chini?"

"Neno si sahihi. Nadhani ningetumia obstacle mara mbili, au..."

"Wacha maneno. Niambie kama mtu amekaa dukani. Gari ilikuwa wapi?"

"Mbele ya geti."

"Injini iko on ama off?"

"Off."

"Nani alizima?"

"Mzee. Ilikuwa inapanda joto."

"Kwa nini alikuwa amesimama mpaka ipande joto? Geti ilikuwa mbaya?"

"Geti lilikuwa zima."

"Sasa?"

Skrini moja ilikuwa inaonyesha kibanda changu, na ndani yake mwenzangu anayenishikia zamu, na kioo kile.

"Nilimnyooshea mkono, madam. Nilikuwa nanakili ukurasa."

"Ukurasa gani?"

"Namba moja ilikuwa mbaya. Nilikuwa naandika ukurasa wote upya ili usiwe na mstari."

Nilitegemea Nakato anipigie kelele. Badala yake alifuta mikono kwenye karatasi, akanisogezea kalamu.

"Sasa umenipa ripoti. Andika hivyo hivyo. Gari ni gari, mkono ni mkono. Ile obstruction yako usitupe, weka tu mahali yake."

"Mahali gani?"

"Kwa mkono yako, Profesa. Gari ilikuwa obstacle, haina makosa, ni chuma. Mzee alifanya nini? Alishika usukani. Mwenye alifunga njia na makusudi yake ni wewe."

Niliandika. Sikuchukua hata robo saa, ilikuwa ripoti fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Neno "car" limo mara saba. Nilipoanza kulibadilisha mara ya nne Nakato alinipiga kidogo kisogoni kwa rula. Mwishoni aliisoma, midomo ikitembea.

"Hapa unajifunga mwenyewe."

"Ndiyo, madam."

"Orodha ya chumba hii inatoka kesho. Jina yako ilikuwa juu."

"Najua."

"Na umetoka kwa geti kusukuma gari. Hiyo pia unaandika?"

"Ilitokea."

Akanipa karatasi niisaini. Saini ile ndiyo mbovu kuliko zote. Nilitaka kuomba karatasi nyingine. Sikuomba. Kisha akachukua ile ya kwanza kutoka kwenye faili, akanilazimisha nipige mstari mmoja juu ya sentensi ya nne, kwa rula, na tarehe pembeni.

Zote mbili alizibeba mwenyewe kwa mudiri, na sijui alisema nini huko. Najua kwamba mudiri alimpigia simu mwenye gari siku hiyo hiyo, maana Nakato alikataa kutoka ofisini mpaka apige. Kwangu ilikuja barua ya onyo. Kiti cha chumba cha kamera kilikwenda kwa Mkenya mwenzangu wa Kisii, ambaye ripoti zake zilikuwa na sentensi tatu tatu na zilieleweka. Mimi nilibaki getini viangazi viwili zaidi.

Jumanne ya kwanza baada ya hapo bibi wa magoti aliletwa na mjukuu. Jumanne ya pili pia. Nilianza kuhesabu kwamba nimechelewa, kwamba tiketi ilishakatwa na simu ya mudiri iliwafikia watu waliokwisha kuamua. Jumanne ya tatu niliona lile gari kuukuu linakata kona. Nilikuwa katikati ya namba ya gari lingine. Nikaiacha hapo hapo, nusu, nikabonyeza. Mti wa geti ulikuwa juu kabla hajafika.

Akasimama hata hivyo, akashusha kioo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akatazama kitabu, kisha kalamu iliyokuwa mezani, kisha mimi. "Leo huandiki wasia?"

"Nitaandika ukishapita."

"Haya." Akaingiza gia. "Basi nipite, nisije nikakuzuia."

Alisema hivyo bila kucheka, na sijui hadi leo kama lilikuwa dongo au msamaha. Kwa Mzee Hamza vitu hivyo viwili vilikaa nyumba moja. Aliendelea na familia ile miaka mingine kadhaa, kisha akaomba mwenyewe kurudi Pangani. Alinipitia geti lingine nilikokuwa siku hizo, kuniaga.

Basi, nyinyi mnaokwenda. Yule aliyeniuliza tofauti ya maneno arudi, nitamwonyesha tena, na safari hii achukue na haya. Kabla hujachagua neno, andika kitu chenyewe: katoni, gari, mkono, maji. Jiulize kama njia inapitika, nani alikiweka kitu hicho pale, na wewe ulikuwa wapi. Mara nyingi ukishajibu hayo, neno kubwa halihitajiki tena. Likihitajika, liweke mahali pake, na likitokea mara saba lisikutie hofu. Kule hakuna mwenye kalamu nyekundu. Kuna mtu tu anayesoma na kuamua juu ya mtu mwingine.

Tangu wakati ule mengi yamebadilika. Kwenye mnara ule kamera ndiyo inayosoma namba za magari, na mti wa geti unajiinua wenyewe bila mtu kunyoosha kiganja. Ripoti zinajazwa kwenye simu. Nakato amerudi Kampala. Mimi nilipofunga mizigo nilichukua nakala ya ukurasa mmoja tu wa miaka yote kumi na mmoja, ule wenye mstari katikati, na maneno yaliyo chini ya mstari bado yanasomeka.